Ramani ya Nchi Isiyoonekana: Funzo kwa Mwalimu wa Jiografia

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari, yaani EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa intaneti ilidhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Juma hilo nilikuwa nimekwenda katika shule moja ya msingi kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa Jiografia, darasa lilikuwa la tano, na mada ilikuwa njia za usafiri na mawasiliano.

Mwanachuo huyo alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zilikuwa tayari, na ramani ya Afrika aliyoichora ubaoni ilipendeza kuitazama: mipaka imekaa sawa, bahari zimetiwa chaki ya buluu, reli na bandari zimewekewa alama zake. Wanafunzi walikuwa wakiinakili kimya katika madaftari yao. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, intaneti imekwenda wapi?" Alieleza kwamba tangu Jumapili simu ya baba yake haikuleta picha wala ujumbe, ingawa vocha ilikuwamo na mvua haikunyesha. Mwalimu akatabasamu, akajibu, "Intaneti iko angani, itarudi yenyewe." Darasa likacheka, mtoto akaketi, na kazi ya kunakili ramani ikaendelea.

Nami nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa na fomu yangu ya ukaguzi. Nilimpa mwanachuo yule alama za juu. Fomu ile ina nafasi ya andalio, ya mwandiko wa ubaoni, ya matumizi ya zana na ya utulivu wa darasa. Haina nafasi ya swali la mtoto. Lakini njiani nikirudi chuoni nilianza kuona haya. Swali la yule mtoto ndilo lililokuwa swali bora la jiografia lililoulizwa siku ile, maana lilihusu mahali, njia na umbali. Jibu lake lilikuwa ndani ya bahari ile ile iliyotiwa chaki ya buluu ubaoni. Mwalimu aliliacha lipite, na mimi mkaguzi wake nikampa alama kwa kuliacha.

Naandika makala haya kwa ajili ya swali lile. Nataka kuwaeleza wanachuo kazi ya mwanajiografia mmoja wa Uingereza aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kushughulika na ramani za intaneti, na kwa njia ya kazi hiyo nitetee rai moja: kwamba ramani ifundishwe kama jibu la swali wala si kama picha ya kunakili, na kwamba hata mambo yasiyoonekana kwa macho yanaweza, na yanapasa, kuchorwa na watoto wa shule ya msingi, hata katika shule isiyo na kompyuta hata moja.

Mkusanyaji wa ramani

Mwanajiografia huyo anaitwa Martin Dodge. Katika miaka ya 1990 alikuwa mtafiti katika kituo cha uchambuzi wa mambo ya mahali katika University College London. Wakati ule intaneti ilikuwa ikienea upesi, na watu wengi walidhani kwamba mwisho wa jiografia umewadia. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ikiwa barua huweza kufika Tokyo kwa muda ule ule inaofika kwa jirani, basi umbali hauna nguvu tena, na mahali alipo mtu si kitu. Mwaka 1997 mwandishi wa Uingereza, Frances Cairncross, alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kifo cha umbali, na msemo huo ukapata wafuasi wengi.

Mwaka huo huo wa 1997 Dodge alianza kazi ya kinyume. Alianza kukusanya kila ramani na kila mchoro alioweza kuupata uliojaribu kuonyesha intaneti ilivyo: nyaya zake zimepita wapi, kompyuta zake zimekaa katika miji gani, ujumbe unasafiri kwa njia zipi, nani ameunganishwa na nani ameachwa. Aliziweka pamoja, akaeleza kila moja imetengenezwa na nani na kwa shabaha gani, na akawaruhusu watu wote wazitazame. Mkusanyo huo aliuendeleza hadi mwaka 2004. Pamoja na mwenzake Rob Kitchin, mwanajiografia aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Maynooth nchini Ireland, aliandika kwanza kitabu kiitwacho "Mapping Cyberspace", na kisha, mwaka 2001, "Atlas of Cyberspace", ambacho ni atlasi yenye mamia ya michoro ya namna hiyo.

Mwanachuo ataona jambo moja hapa. Kazi iliyompatia Dodge sifa haikuwa hasa ya kuchora ramani zake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya kukusanya ramani za wengine, kuzipanga, kuzilinganisha na kuzihoji. Nyingi ya ramani hizo hazikutengenezwa na wanajiografia. Zilitengenezwa na mainjinia waliotaka kujua mitambo yao imeungana vipi, na wafanyabiashara waliotaka kuuza huduma zao. Yeye alikuja na macho ya mwanajiografia, akaona kwamba karatasi hizo zilizotawanyika ni atlasi ya nchi mpya. Kazi ya namna hiyo haimshindi mwalimu wa shule ya msingi.

Ramani nne za kutazamwa

Yafaa tuzitazame ramani chache za aina hiyo kwa makini, maana kila moja ina funzo lake.

Ya kwanza ni ya mwezi Desemba 1969. Mtandao uliokuja kuzaa intaneti uliitwa ARPANET, nao ulianza Marekani kwa kompyuta nne tu: mbili katika vyuo vikuu vya Los Angeles na Santa Barbara, moja katika taasisi ya utafiti ya Stanford, zote tatu katika jimbo la California, na ya nne katika Chuo Kikuu cha Utah. Ramani yake ilichorwa kwa mkono. Ina viduara vinne, visanduku vinne, na mistari michache inayoviunganisha. Basi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuichora kwa dakika mbili. Hata hivyo mchoro huo ulitosha kumweleza injinia jambo alilotaka kulijua: nani anaweza kuzungumza na nani, na kwa kupitia wapi. Ukiukumbuka mchoro huo, ndugu mwanachuo, hutasema tena kwamba huwezi kufundisha ramani ya intaneti kwa kuwa shule yako haina vifaa. Intaneti yenyewe ilichorwa kwanza kwa kalamu na karatasi.

Ya pili ni mfululizo wa ramani za dunia zilizotolewa na Larry Landweber wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kati ya mwaka 1991 na 1997. Kila nchi ilipakwa rangi kufuatana na aina ya unganisho iliyokuwa nayo: intaneti kamili, barua za kompyuta peke yake, au hakuna kabisa. Katika ramani ya 1991 sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado haijaunganishwa. Kufikia mwaka 1997 rangi ya unganisho ilikuwa imeenea karibu dunia nzima. Mtu akizitazama ramani hizo kwa kufuatana huona kama mafuriko yanayoijaza dunia, na moyo wake hufurahi.

Lakini hapo ndipo mwalimu wa jiografia anapopaswa kusimama na kuuliza. Nchi nzima imepakwa rangi moja. Je, nchi nzima imeunganishwa? Ikiwa kuna ofisi moja katika mji mkuu yenye kompyuta moja iliyounganishwa, nchi yote hupata rangi, pamoja na kijiji kisicho na umeme wala simu. Rangi hiyo si uongo, lakini haiusemi ukweli wote. Kosa la kuchukua habari za jumla ya nchi na kuzivisha kila mtu na kila kijiji ndani yake ni kosa kongwe katika elimu yetu, nasi walimu tunalifanya kila siku tunapofundisha kwamba mkoa fulani "hulima pamba" na mwingine "hufuga ng'ombe", kana kwamba hakuna mkaazi wake anayeishi kwa kuvua samaki.

Ya tatu ilianza kutengenezwa mwaka 1998 na Hal Burch na Bill Cheswick wa maabara za Bell huko Marekani. Hao walituma ujumbe mdogo wa kupima kwenda kila upande wa intaneti, na kuandika ujumbe huo ulipita katika kompyuta zipi mpaka ukafika. Kisha waliichora mistari yote kwa pamoja. Mchoro uliopatikana unafanana na marijani ya baharini, au na mizizi ya mti mkubwa iliyofukuliwa. Hauna kaskazini wala kusini, hauna bara wala bahari. Kilichomo ni uhusiano tu: hiki kimeunganika na kile, na kile na kingine.

Wanafunzi wakiambiwa kwamba hiyo nayo ni ramani, watashangaa. Lakini ramani za aina hiyo wanazijua toka utotoni. Mgeni akiuliza njia ya kwenda zahanati, mtoto hamtajii dira wala kilometa. Humwambia, "Nenda mpaka kwenye mbuyu, ukifika pinda upande wa kisima, kisha pita dukani." Huyo amekwisha chora ramani ya vituo na mafungamano kwa maneno. Mwalimu mwenye busara ataanzia hapo, kisha aende kwenye ramani ya skeli na dira, na kuwaonyesha wanafunzi kwamba kila aina ya ramani ina kazi yake.

Ya nne ni ramani ya mikongo ya baharini, na hii ndiyo iliyokuwa na jibu la yule mtoto. Sehemu kubwa mno ya mawasiliano ya intaneti baina ya nchi na nchi hupita chini ya bahari, wala haipiti angani kwa setilaiti kama wengi wanavyodhani. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo zenye wembamba kama wa unywele, na ujumbe husafiri ndani yake kwa mfano wa mwanga unaowaka na kuzimika. Katika kina kirefu cha bahari mkongo mzima haupiti unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Pwani yetu ilichelewa kuupata. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, ya pili ikiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. EASSy ikafuata mwaka 2010, ikitoka Afrika Kusini mpaka Sudan. SEACOM na EASSy zote mbili hutia nanga Dar es Salaam. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na yenye uwezo mdogo. Pengine ndiyo maana fikra ya "angani" bado imo vichwani mwetu, hata baada ya mambo kubadilika.

Tena njia hiyo ya bahari si ngeni. Mwaka 1879 kampuni ya Waingereza ililaza waya wa simu za maandishi kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji, hadi Durban. Mwaka huo Waingereza walikuwa vitani na Wazulu, na serikali yao ilitaka habari zifike London upesi. Waya ule haukulazwa kwa ajili ya Mzanzibari wala Mmsumbiji. Ulipita kwao kwa sababu walikuwa njiani. Mwalimu akiziweka pamoja ramani ya 1879 na ramani ya mikongo ya leo, wanafunzi wataona mistari inayofuata pwani ile ile, na watakuwa na maswali: nani aliulipia waya ule, nani aliutumia, na leo mambo yamebadilika kwa kiasi gani?

Umbali, basi, haukufa. Jumapili ile ya Mei ulijionyesha kwamba ungali hai. Waya ulikatika mbali sana kusini, na baba wa mtoto mmoja, ambaye hajaiona bahari hiyo, akakosa ujumbe katika simu yake.

Kuihoji ramani

Dodge hakuishia kukusanya. Kadiri miaka ilivyopita, yeye na Kitchin waliuliza maswali mazito zaidi. Mwaka 2009, pamoja na Chris Perkins, walihariri kitabu kiitwacho "Rethinking Maps". Rai yao kubwa, ambayo Kitchin na Dodge walikuwa wamekwisha ieleza kabla ya kitabu hicho, ni kwamba ramani si kitu kilichokwisha. Karatasi yenye mistari na rangi haijawa ramani mpaka mtu aitumie: aisome, aifuate, aisahihishe, au aibishie. Kila inaposomwa huundwa upya.

Wanafalsafa watayazungumza hayo kwa namna yao. Kwangu mimi mkufunzi maana yake darasani ni wazi kabisa. Mtoto anayenakili ramani ya Afrika bila kuiuliza chochote hana ramani katika daftari lake, ana mistari. Na yule aliyeuliza intaneti imekwenda wapi, ingawa hakuwa amemaliza kunakili, alikuwa ameanza kusoma ramani.

Mwaka 2011 Dodge na Kitchin walitoa kitabu kingine, "Code/Space", kinachoeleza jinsi programu za kompyuta zinavyofanya mahali pawe jinsi palivyo. Mfano wao mmoja ni uwanja wa ndege. Meza ya kupokelea abiria na mizigo ni mahali pa kupokelea abiria kwa sababu kompyuta zake zinafanya kazi. Zikizimika, palepale, bila ukuta hata mmoja kubomoka, mahali hapo panageuka kuwa chumba cha watu kungoja. Nasi tunao mfano wa karibu zaidi. Kibanda cha wakala wa fedha kwa simu ni benki ndogo ya kijiji kwa muda wote mtandao unapopatikana. Mtandao ukikatika, ni kibanda cha mbao chenye mtu ndani yake. Mabati, meza na mwenye kibanda hawakubadilika. Uhusiano na kompyuta za mbali ndio uliobadilika. Hili nalo ni jiografia.

Kurejea nyumbani

Jambo la mwisho ninalolitaja katika kazi ya mwanajiografia huyu ndilo linalonipendeza zaidi. Kutoka London alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mtu angedhani kwamba mtaalamu wa mambo ya intaneti ataendelea kutazama mitandao ya dunia nzima peke yake. Lakini huko aligeukia ramani za mji ule aliokuwa akiishi na kufundisha: ramani za viwanda, mifereji, reli, mabomba ya maji na mipango ya majengo ambayo mingine haikujengwa kamwe. Mwaka 2018, pamoja na Terry Wyke na Brian Robson, alitoa kitabu "Manchester: Mapping the City", kinachosimulia historia ya mji huo kwa kupitia ramani zake.

Wako watakaoona kwamba hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Mimi naona ni kazi moja. Mabomba ya maji ya mji na mikongo ya intaneti ni vitu vya namna moja: vimefukiwa, havionekani, na watu hawavikumbuki mpaka siku vinapokatika. Mwenye kuvichora huvifanya vionekane, na kilichoonekana huweza kuulizwa. Na yule aliyezoea kuuliza juu ya mambo ya mbali hana budi siku moja aulize juu ya mlango wake mwenyewe. Kwa mtoto wa shule ya msingi mwendo huo yafaa ugeuzwe: aanzie mlangoni kwake, kisha aende mbali.

Katika darasa lisilo na kompyuta

Sasa nieleze jinsi ambavyo somo lile la darasa la tano lingeweza kufundishwa. Vifaa vyake ni ubao, chaki, karatasi chache, kamba na ramani ya Afrika.

Kwanza, mwalimu alipokee swali la mtoto na kuliandika juu ya ubao kwa maneno yake yeye mtoto: Intaneti imekwenda wapi? Kitendo hicho peke yake ni nusu ya somo, maana darasa lote hutambua kwamba swali la mwenzao lina heshima. Ikiwa mwalimu hajui jibu lake, aseme hivyo waziwazi, na kuwaahidi wanafunzi kwamba watalitafuta pamoja. Mwalimu hapungukiwi na kitu kwa kusema "sijui, tutafute". Hupungukiwa anapobuni jibu.

Pili, wanafunzi wakusanye, kama Dodge alivyokusanya. Wapewe siku mbili au tatu. Mmoja amwulize mzazi wake simu hukamata vizuri wapi na hukosa wapi. Mwingine aangalie mnara ulipo, na watu husema ulijengwa lini. Wengine waongee na wakala wa fedha, kwa adabu na wakati asipokuwa na wateja, wamwulize kazi yake husimama lini. Mwenye nyumba karibu na barabara kuu aangalie kama pana nguzo fupi zinazoonya watu wasichimbe kwa kuwa mkongo umepita chini. Kila mmoja alete mchoro, hata ukiwa mbaya.

Tatu, wachore pamoja. Waanze kwa viduara na mistari, kama wale wa mwaka 1969: simu, mnara, mnara wa pili, mji, Dar es Salaam, bahari. Kisha waihamishe michoro hiyo katika ramani ya kawaida, wafuate njia kwa kamba juu ya ramani ya Afrika, na kwa skeli wapime kamba hiyo ina kilometa ngapi kutoka kijijini kwao mpaka pwani, na kutoka pwani mpaka mahali mkongo ulipokatika. Hapo hesabu na jiografia zitakuwa zimekutana bila kulazimishwa.

Nne, waihoji ramani yao wenyewe. Tumeonyesha nini? Tumeacha nini? Nyumba zisizo na simu ziko wapi katika ramani yetu? Bibi asiye na simu, ambaye mjukuu wake humletea habari kwa miguu, je, yumo? Katika hatua hii mwalimu asiwe na haraka. Mtoto akiona kwamba ramani aliyoichora kwa mkono wake imemwacha bibi yake nje, atakuwa ameelewa yeye mwenyewe kosa la zile ramani zilizopaka nchi nzima rangi moja.

Mapingamizi

Najua wanachuo watakayosema, maana hata mimi niliyasema nilipokuwa mwanachuo. Watasema muda hautoshi, darasa lina watoto wengi mno, na mtihani hauulizi mambo hayo. Sitayapuuza maneno hayo. Mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja hastahili kuhubiriwa na mkufunzi anayerudi chuoni jioni. Lakini kazi ya kukusanya hufanyika nje ya saa za darasa, nayo haihitaji daftari jipya wala kitabu. Na yale yanayoulizwa katika mtihani, yaani skeli, dira, ufunguo wa ramani na njia za mawasiliano, yote yamo ndani ya somo hili.

Wengine watasema kwamba jibu la "angani" halina madhara makubwa kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Hapo natofautiana nao kabisa. Kitu kilicho angani hakina mwenyewe. Kikipotea, watu hungoja kama wangojavyo mvua, hawamwulizi mtu. Lakini kitu kilicho chini ya bahari na chini ya barabara kina mwenyewe, kina gharama, kina fundi, kina sheria, na kina mahali kilipofika na mahali ambapo hakijafika bado. Mtoto anayejua hivyo atakuwa raia anayeweza kuuliza: kwa nini mkongo umefika mji ule na haukufika kwetu? Kwa nini ulipokatika hapakuwa na njia nyingine ya kutosha? Aliyefundishwa kwamba iko angani atatazama juu tu.

Nilimwandikia mwanachuo yule barua. Sikuibadili alama yake, kwa kuwa kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Nilimweleza haya niliyoyaeleza hapa, na nikamwomba amrudishie yule mtoto swali lake. Alinijibu baada ya majuma mawili. Barua yake ilikuwa fupi, na ndani yake alikuwa ametia karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ramani ya penseli: nyumba, mnara, mnara mwingine, barabara, pwani, na mstari mrefu ulioshuka kusini ndani ya bahari ukakatika. Pembeni mtoto alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, swali jingine: "Nani hushuka chini kuutengeneza?"

Fomu ya ukaguzi bado haina nafasi ya swali la mtoto. Mpaka itakapowekewa, mimi nimeanza kuyaandika maswali hayo nyuma ya karatasi. Nawasihi wanachuo mtakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha mfanye vivyo hivyo.